Mtoto wa Mfanyakazi

Kama umewahi kupanda ndege ndogo kutoka Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, basi Constance amekupima. Hakuna namna ya kumkwepa. Ndege ile inabeba watu tisa na mizigo yao, na rubani hataki makadirio, anataka kilo. Kila Jumanne na kila Ijumaa Constance alisimama kando ya uwanja wa udongo mwekundu, chini ya paa la mabati, na mizani yake ya chuma, akiita mtu mmoja mmoja apande, yeye na begi lake. Amepima askofu. Amepima bibi harusi, na gauni akaliandika peke yake, kilo nne na nusu. Amempima afande mmoja mkubwa aliyekataa kuvua bastola, akamwambia kwa upole kwamba bastola nayo ina uzito wake na ndege haijui cheo cha mtu. Watu wakamwita Mama Kilo, na jina likashika mpaka kanisani.

Miaka kumi na tisa ya kazi hiyo, na serikali ilikuwa haimjui. Msishangae, huku kwetu ni jambo la kila siku. Unaweza kuvaa jaketi la serikali, ukapiga muhuri wa serikali, ukafukuza mbuzi za watu uwanjani kwa jina la serikali, na bado huna matrikule, yaani ile namba ya mfanyakazi inayofanya mshahara ukufuate. Asiye na matrikule anangojea primi, kifungu kidogo cha shukrani kinachokuja kikitaka. Mwaka mmoja kilikuja mara mbili. Mwaka uliofuata hakikuja kabisa, ikaja barua ya kuwatia moyo. Constance alilima mihogo, siku zisizo za ndege akauza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni, na Jumanne akarudi kwenye mizani. Ukimuuliza kwa nini anarudi, alikujibu kwamba ndege haiwezi kujipima yenyewe.

Basi mwaka huo bunge la Kinshasa likapitisha sheria juu ya wafanyakazi wa viwanja vidogo vya ndege. Willy, mwanaume wa makamo ambaye kazi yake ni kuzungumza na marubani kwa redio, aliisoma yote kwenye simu, kurasa thelathini na moja, akaja kuieleza kama mtu anayehubiri. Kila abiria atalipa kodi kidogo juu ya tiketi, na fedha hiyo itawekwa kando kwa ajili ya watu wa viwanja. Kila aliyefanya kazi zaidi ya miaka mitano atapewa matrikule. Atapata mshahara wa kila mwezi na pensheni ya uzeeni. Tena atapata matibabu, yake yeye na ya watoto wake wanaosoma.

Constance alikuwa anafuta vumbi kwenye mizani. Akamwambia arudie hapo pa mwisho.

Willy akarudia: kifungu cha kumi na nne, matibabu ya mfanyakazi na ya watoto wake. Kisha akaendelea na pensheni, akataniana naye kwamba hawa abiria wote aliowapima miaka yote hii, kumbe alikuwa anapima mshahara wake. Constance hakucheka. Mengine yote yalikuwa yameshampita. Alikuwa anamfikiria Clarisse.

Clarisse alikuwa na miaka kumi na mitano, na ugonjwa wa damu, selimundu, ambao madaktari wa huku wanauita SS. Wiki nyingi ni msichana kama wengine, tena mwenye mdomo, anayejibu kabla hujamaliza kuuliza. Halafu mvua zinafika, baridi inaingia kwenye viungo, na mtoto analala akiuma shuka. Lazima aongezwe damu, na damu haingojei primi. Msimu uliopita Constance aliuza cherehani. Msimu wa kabla yake aliuza shamba la bondeni. Alibakiwa na nyumba, na alishaanza kuitazama nyumba kwa jicho la muuzaji. Sasa mwaelewa kile kifungu cha kumi na nne kiliingia vipi masikioni mwake.

Alijaza fomu usiku uleule. Wanawe wawili wa kiume walikuwa watu wazima, mmoja yuko Kalemie, mwingine Lubumbashi, na mume wake alishafariki. Kwenye mstari wa watoto akaandika jina moja tu, Clarisse, wala kalamu haikusita.

Na kwa nini isite? Ni kweli Clarisse alizaliwa na mdogo wake Constance, anayeitwa Espérance. Haikuwa siri, mtaa mzima ulijua, na Clarisse mwenyewe alijua. Baba yake alizama ziwani kabla hajatoa mahari, kwa hiyo mtoto akabaki wa ukoo wa mama. Alipofikisha miezi minane, Espérance akavuka kwenda Kigoma kutafuta maisha, akamfunga mtoto mgongoni kwa dada yake na kusema atarudi baada ya mavuno. Mavuno yakapita, na mengine tena, akaolewa hukohuko. Lakini huku kwetu dada wa mama yako ni mama yako. Akiwa mkubwa ni mama mukubwa, akiwa mdogo ni mama mudogo, na hakuna anayekaa chini kugawanya mtoto vipande. Clarisse alimwita Constance mama. Yule wa Kigoma, aliyepiga simu kila sikukuu, alimwita mama mudogo.

Constance alimpenda mdogo wake, aliyemwita yaya, yaani dada mkubwa, ila alikuwa na kinyongo. Kila sikukuu Espérance alisema batoto wa Kigoma wanawasalimu, wako wazuri, wanakua. Constance akikata simu alikuwa anasema moyoni, umepata wa kwako, umemsahau huyu. Alisema hivyo kwa hasira, na tuseme ukweli, alisema kwa nafuu pia. Aliyesahau haji kudai.

Ukaguzi ulifanyika Fizi, juu milimani, siku ya Jumatano, katika chumba kimoja cha biro za teritwari, yaani ofisi za wilaya. Wakaguzi walitoka Bukavu, na aliyemwangukia Constance alikuwa kijana mwenye adabu, Eugène, aliyevaa shati lililopigwa pasi kwa safari nzima. Akapitia barua ya kazi, akapitia madaftari kumi na tisa ya uzito wa abiria, akatikisa kichwa kwa heshima. Halafu akaomba karatasi ya mtoto. Constance akatoa fishi ya kizazi, ile kadi ya manjano ambayo wakunga huandika siku mtoto anapozaliwa, akamkabidhi kwa mikono miwili. Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo lingefanywa na mama yeyote wa Baraka. Hakuwa na cha kuficha, ndiyo maana hakuficha.

Eugène akasoma, akasoma tena. Akasema kwamba hapa mama wa mtoto ameandikwa Espérance. Constance akakubali, ndiyo, ni mudogo wake, wa tumbo moja. Eugène akasema basi mtoto si wake. Constance akasema ni wake. Wakaenda hivyo mara tatu, bila mtu kupandisha sauti. Mwishowe Eugène akainuka na kufunga mlango. Na yeye alikuwa na mama wadogo wanne, akasema, na wawili kati yao walimlipia masomo. Lakini sheria ilisema mtoto wa mfanyakazi, na aliyeiandika aliiandika kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa mama ni mmoja tu.

Akamrudishia ile fishi polepole juu ya meza, akamwambia kwamba yeye hakuiona. Hapo chini barabarani kuna korti. Aende na mashahidi wawili, aape kwamba alimzaa Clarisse na cheti kikapotea vitani, na korti itampa hukumu inayosimama mahali pa cheti cha kuzaliwa. Watu wengi wamepita njia hiyo. Ila afanye haraka, kwa sababu orodha inafungwa Ijumaa ya wiki ijayo saa sita mchana, na atakayeachwa nje atangojea ukaguzi mwingine, ambao hakuna anayejua utakuja mwaka gani.

Baraka nzima ikaona ni jambo jepesi. Rosette, jirani yake, alijitolea kuwa shahidi kabla hajaombwa. Willy alisema yeye ataapa hata mara mbili. Wakamkumbusha kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Hata mchungaji, alipoulizwa, alitazama mihogo iliyoanikwa uani na kusema kwamba Mungu anaangalia moyo. Mimi ningeapa. Na wewe ungeapa, usijifanye.

Kwa hiyo Alhamisi wakapanda tena Fizi, Constance na mashahidi wake, kwa pikipiki mbili. Karani wa korti, mzee Casimir, akawasimamisha mbele ya meza, akamwambia Constance ainue mkono wa kulia na aseme kwamba yeye ndiye aliyemzaa mtoto huyu.

Constance akainua mkono. Akafungua mdomo. Na kilichomjia si Mungu wala sheria, ni ile siku yenyewe, tangu alfajiri hadi alasiri, kitandani kwenye kituo cha afya, yeye akiwa nyuma amemshika Espérance mabega. Espérance alikuwa na miaka kumi na tisa. Alimbana dada yake mkono mpaka pete ikachana ngozi, akawa anauliza kama anakufa, na Constance akawa anamwambia hapana, bado kidogo, bado kidogo. Kusema sasa kwamba siku ile ilikuwa yake, ilikuwa ni kumfuta mdogo wake kitandani na kujilaza yeye.

Akashusha mkono. "Siwezi, mzee," akasema. "Mi ndiye nilimushika mabega."

Willy alikasirika njia nzima ya kushuka. Alifunga redio siku nzima kwa ajili ya shughuli hii, akasema, na hakujua kwamba hata kortini wanapima kilo. Constance akamjibu kwamba njia ya mwongo ni fupi. Willy akasema njia ya asiye na damu ni fupi zaidi, na mara tu alipolitoa neno hilo alilijutia. Constance hakumlaumu. Alikuwa ameshajiambia hilohilo, kwa maneno makali zaidi.

Ilibaki njia moja, na mzee Casimir alikuwa amemnong'oneza wakati wa kutoka. Mama mzazi aje mwenyewe, asimame mbele ya jaji, aseme kwamba anamwachia dada yake mtoto. Jaji anakaa Alhamisi ijayo. Hukumu ikitoka siku hiyo, Ijumaa asubuhi iko mezani kwa Eugène.

Constance akampigia Espérance jioni. Akamweleza yote, matrikule, kifungu, damu, korti. Espérance akauliza siku gani, akaambiwa, akasema atakuja. Hakuuliza kingine.

Siku zilizofuata Constance hakupata usingizi, na hofu yake ilikuwa mpya. Kabla ya hapo aliogopa kumpoteza mtoto kwa ugonjwa. Sasa aliogopa kwamba yule mwingine atashuka kwenye boti, atamwona msichana mrefu, mzuri, anayejua kusoma, na kitu kitaamka ndani yake. Kigoma kuna hospitali kubwa. Angesema tu, basi nampeleka kwangu. Nani angemzuia? Karatasi pekee iliyokuwapo duniani ilisema ni wake.

Espérance alifika Jumanne, siku ya ndege, kwa hiyo Clarisse ndiye aliyekwenda kumpokea ufukoni. Constance aliporudi kutoka uwanjani alimkuta mdogo wake ameketi uani anamenya mihogo, kana kwamba alitoka hapo jana. Amenenepa kidogo. Ameleta mawese, sabuni na sukari. Wakakumbatiana muda mrefu. Constance akauliza watoto wa Kigoma amewaachia nani, na Espérance akasema wako kwa bibi yao, akainuka kwenda kutazama sufuria. Jioni ile wote watatu walikula pamoja, na Clarisse na mama mudogo wake wakacheka jambo fulani la boti, wote wawili wakiziba mdomo kwa mkono wa kushoto. Constance alikuwa hajawahi kuwaona wakicheka pamoja. Ilimuuma, na aliona aibu kwamba inamuuma.

Alhamisi asubuhi wakawa mbele ya jaji. Alikuwa mwanamke mwenye miwani, anayeandika kila kitu mwenyewe. Clarisse aliketi kwenye benchi karibu na mlango, amevaa sare ya shule. Jaji akauliza majina, akauliza miaka, akauliza baba wa mtoto alikufa lini. Yalikuwa maswali ya kawaida, na Espérance aliyajibu bila kusita.

"Una watoto wengine?" jaji akauliza, kalamu ikiwa tayari.

"Hapana."

Constance akageuka kumtazama.

"Waliokufa?"

"Hapana. Ni huyu tu."

Jaji akaweka kalamu chini. Akamuuliza Espérance kama anaelewa kwamba baada ya hukumu hii, mbele ya sheria, atakuwa hana mtoto hata mmoja. Espérance akasema anaelewa. Ndipo jaji akamgeukia Constance na kumuuliza kama anakubali kumpokea mtoto huyu kuwa wake. Constance akaomba kutoka nje na mdogo wake, na jaji akawapa dakika kumi.

Walisimama kando ya ukuta, mahali pikipiki zinapoegeshwa. Constance akaanza na lile lililomchoma.

"Na batoto ya Kigoma?"

"Hakuna batoto, yaya. Hakukuwa hata mumoja."

Akamweleza, akitazama chini, bila kulia. Miaka kumi na miwili ya ndoa na tumbo halikushika. Mume wake ni mtu mwema, lakini ni mtu wa kunyamaza, na mawifi si watu wa kunyamaza. Wanamwita tasa mbele yake, tena wakati wa kugawa chakula, wakimwekea kidogo, wakisema yeye ana mdomo mmoja tu wa kulisha. Wale watoto aliokuwa akiwasema kwenye simu ni wa jirani. Hakutaka dada yake amhurumie sikukuu zote.

"Si ungewaambia?" Constance akasema. "Ungesema umeshazaa. Hata picha ungewaonyesha, bangenyamaza."

"Ningesema, bwana yangu angejibu, kama mutoto iko, twende tumuchukue. Angekuya na boti siku ileile, ni muntu wa kupenda batoto. Na ungemukataza na nini, yaya? Ulikuwa huna hata karatasi." Espérance akafuta vumbi la njiani kwenye kitenge chake. "Ule mutoto nilikuletea kwa miguu yangu mwenyewe. Sikutaka muntu akuye kukupokonya. Basi, niliwaacha baseme."

Constance akaketi chini, palepale kwenye udongo, na gauni lake la kortini. Miaka kumi na miwili alikuwa amemhesabu mdogo wake kuwa mtu aliyesahau, na mdogo wake alikuwa anakula matusi mezani kwa watu ili yeye aendelee kuitwa mama. Akamwambia Espérance kwamba hatakubali, haiwezekani, hawezi kumwondolea mmoja aliye naye kwa ajili ya kadi ya matibabu, warudi nyumbani, nyumba itauzwa, Mungu atajua.

Espérance akamshika mkono kumwinua, na alikuwa na nguvu.

"Huniondolei kitu," akasema. "Unamutafutia damu. Mi nilipanda boti sababu ya ile. Ingia, mama jaji asichoke."

Wakaingia. Espérance akasema yale yaliyotakiwa kusemwa, neno kwa neno. Constance akasema anakubali. Jaji akamwita Clarisse mezani, akamuuliza kama na yeye anakubali. Yule mtoto mwenye mdomo, anayejibu kabla ya swali, safari hii aliwatazama kwanza wote wawili, kisha akasema ndiyo kwa sauti ndogo. Mzee Casimir akapiga mihuri mitatu.

Ijumaa saa nne, ndege ikiwa ya alasiri, Constance aliiweka hukumu mezani kwa Eugène. Eugène akaisoma hadi mwisho, akasema angeweza kuwa nayo wiki moja kabla, kwa safari moja. Constance akasema anajua. Eugène akaandika jina la Clarisse kwenye orodha na kupiga mstari chini yake kwa rula.

Sitawadanganya juu ya sheria. Matrikule ilikuja baada ya miezi minne. Mshahara wa kwanza ulichelewa miwili mingine, na ulipofika ulikuwa mdogo kuliko uliotangazwa, kwa sababu ile kodi ya abiria, walisema, ilikuwa bado njiani. Pensheni mpaka leo ni neno. Lakini kadi ya matibabu ilikuja, ngumu, ya plastiki, na majina mawili. Mvua zilipoanza Clarisse akalazwa siku sita, akaongezwa damu chupa mbili, na siku ya kutoka Constance alionyesha kadi, akaandikisha jina, wakatembea kwa miguu hadi nyumbani. Nyumba ilikuwa bado yake. Alifungua mlango, akaketi kitandani na viatu vyake, akalia kwa raha.

Usiku huo alimpigia Espérance. Akamwambia kwamba sasa karatasi iko, ina mihuri mitatu, na hakuna shemeji wala boti itakayomwondoa mtoto Baraka. Kwa hiyo sasa aseme. Awaambie. Espérance akasema ndiyo, atasema, baadaye kidogo. Wiki zikapita. Kila akiulizwa alikuwa bado hajapata nafasi. Mtu akizoea kunyamaza, mdomo unakuwa mzito, na Constance aliona kwamba mdogo wake hatasema mpaka kaburini.

Likizo kubwa ilipofika, akaomba ruhusa ya siku moja, ya kwanza katika miaka yote ile, akamsindikiza Clarisse hadi ufukoni. Boti ya Kigoma ilikuwa inapakia magunia. Akamkabidhi dawa zake, sweta mbili kwa ajili ya baridi ya ziwani, na nakala ya hukumu ndani ya bahasha. Kama shemeji atataka kukubakiza, akamwambia, mwonyeshe hii, na umsalimie sana, ni mtu mwema. Mwezi mmoja, halafu unarudi shule.

Clarisse akasema ameelewa, mama, umeshasema mara nne. Akawa tayari kupanda ubao. Constance akamshika bega.

"Bado neno moja. Ukifika, usimwite mama mudogo."

"Nimwite nani sasa?"

"Mama. Lakini si chumbani. Ngoja mawifi wake bote bakae, chakula kianze kugawanywa. Ndiyo umwite."

Clarisse akamtazama. Alikuwa ameketi karibu na mlango siku ile ya korti, maneno ya nje yakamfikia, na alikuwa na akili. Akauliza kwa sauti ya kiasi gani.

"Ile unatumiaka kunijibu mimi," Constance akasema. "Mutaa mzima usikie."